Aya Iliyopakwa Wino

Mjukuu wangu Sia alifika kwenye wino mweusi, akanyamaza.

Ukumbi wa shule ulijaa wazazi. Alikuwa akisoma kwa Kiingereza insha yake juu ya nchi ya kubuni ambamo watu huchomewa vitabu. Asubuhi ile mwalimu alikuwa ameipaka wino aya moja, ile iliyosema kwamba hata hapa shuleni gazeti la wanafunzi lilibanduliwa ukutani.

"Ruka hapo, endelea na inayofuata," mwalimu alinong'ona.

Mimi Kiingereza sijui, niliishia darasa la tatu. Lakini wiki nzima, tukipukuchua mahindi kule nyumbani Akheri, nilimsikiliza akiirudia aya hiyo, nikimuuliza maana mpaka nielewe. Inaanza na neno la Kiingereza la kuziba watu midomo.

Nikasimama, nikalitamka kwa sauti.

"Sensashipi."

Watu wakageuka.

"Bibi, tafadhali kaa chini," mwalimu akasema.

"Nakaa, mwalimu. Magoti yenyewe yamechoka. Mwache mtoto amalizie."

Sia akaiweka karatasi mezani, akainua uso, akaendelea pale nilipoachia.