Mkono Uliomkumbatia Chui

Jioni ya kufyeka majani, chui alichomoka nyuma ya jiko la chuo, na wanachuo wakamzingira kwa mafyekeo. Pigo la kwanza lilimpasua bega. Siwema alikuwa akishangilia na wenzake, mpaka alipokiona kitambaa cha maua mguuni mwa yule mnyama. Alikifunga yeye mwenyewe asubuhi ileile, kwenye kidonda cha mchumba wake Chande.

"Msimuue! Ni Chande!" alipiga kelele huku akiwapangua watu.

"Chande gani, shoga?" Rafiki yake Pili akamvuta gauni. "Mapenzi yamekutoa akili? Mkia huuoni?"

Kuona aliona. Na kucha aliziona. Lakini moyo ukishapenda, jamani, hata meno ya kung'ata huyaona tabasamu. Alipiga magoti akamkumbatia shingo, akimwita kwa jina wanaloitana wawili tu. Chui akatulia, akalaza kichwa begani mwake kama mtoto.

Hapo fyekeo la pili likatua mgongoni. Kwa uchungu, chui akaung'ata mkono uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ni ule uliomkumbatia. Mfupa ukalia kama muwa unaovunjwa.

"Siwema, toka tummalize!" Pili alilia. "Atakuua huyo!"

"Hakukusudia," alisema Siwema, damu ikimchuruzika hadi mapajani. Akamkumbatia zaidi kwa mkono uliobaki, na mafyekeo yote yakabaki juu, yakisubiri shingo moja iachane na nyingine.