Moshi wa Lori la Mwachofi

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kipimo ukutani. Ukikipulizia, kinalitaja gari ambalo moshi wake umo kifuani mwako. Hakuna aliyelazimishwa kubadili gari. Mwachofi, dereva wa lori mjini Voi, aliposikia kipimo kikilitaja lori lake kwa pumzi ya mkewe Wakesho, alilipeleka gereji likafungwa kichujio cha moshi, akaanza kutia mafuta safi.

Mwaka ukapita. Wakesho akapuliza tena, na kipimo kikalitaja lori lile lile.

“Ni moshi wa zamani, Baba Mkawasi,” alimwambia, akimshika mkono. “Tumeishi pamoja miaka thelathini. Ulitaka kitaje la nani?”

Mwachofi akacheka naye, huku akimsikiliza anavyopumua.