Mimba ya Pili ya Mwanahawa

Zama hizo mimba ikiharibika haizikwi. Hospitali huichukua ikaitumia kumtibu mgonjwa wa ukoo uleule. Mimba ya kwanza ya Mwanahawa ilimponya baba mkwe wake, mzee Kibwana, aliyekuwa akitetemeka mikono hata kula analishwa. Sasa anajifunga vifungo vya shati mwenyewe, huku akijigamba, "Mjukuu wangu kanipa mikono ya bondia!"

Habari za mimba ya pili zilipotoka, nyumba ilijaa vigelegele. Shangazi wa mumewe, aliyekuwa haoni vizuri, alimpapasa tumbo. "Hongera, mwanangu! Huyu nami nitamwona?"

"Akizaliwa utamwona, shangazi."

"Asipozaliwa ndipo utaona vizuri zaidi!" wifi yake akatania. Watu wakaangua kicheko, na Mwanahawa naye akacheka, mkono tumboni.

Shangazi alicheka kuliko wote. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akipapasa ukuta, akarudi na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Kunywa ingali ya moto, mama."

Mwanahawa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaipuliza ile chai, akaipuliza, akaipuliza, mpaka ikapoa kabisa.