Hondohondo na Safari ya Khartoum

Sogeeni hapa karibu, na anayetafuna muwa ateme kwanza, tusikilizane.

Hondohondo aliishi kwenye mkuyu pale Tabora. Mkewe alikuwa ndani ya tundu la mti akiatamia mayai, mlango umezibwa kwa udongo kama ilivyo desturi yao, na mume ndiye aliyemlisha kupitia ufa. Basi mbayuwayu akapita, akaisifia Khartoum.

"Ni mwendo gani?" hondohondo akauliza.

"Siku sita tu, shemeji."

Hondohondo akampitishia mkewe makuyu ya siku kumi na mbili. "Mama watoto, sita kwenda, sita kurudi."

"Ukizidisha moja, utakuta mifupa," mkewe akamjibu.

Siku ya sita akamkuta korongo ametua njiani.

"Shikamoo, bibi. Khartoum iko nyuma ya kilima hiki?"

"Marahaba. Hapa ni Nzega. Umetoka wapi?"

"Tabora, leo siku ya sita."

"Tabora hapo jirani? Ulipitia chini ya ardhi?"

"Mbayuwayu aliniambia siku sita zinatosha."

"Mbayuwayu hula akiruka, mjukuu wangu. Wewe unatua kila mti."

Hondohondo akamkumbuka mkewe, akageuka palepale. Akafika siku ya kumi na mbili, mkewe anameza kuyu la mwisho.

"Umetimiza ahadi, baba watoto. Khartoum kukoje?"

"Kunafanana sana na Nzega."

Tangu hapo mbayuwayu akarithi njia ya Khartoum, hondohondo akarithi matawi yote ya njiani, na mkewe akarithi swali la kumuuliza kila anayesifia safari: siku sita za nani?