Chali na Kifudifudi

Larissa alitoka bafuni mbio, povu bado kichwani. Chumbani, mtoto alikuwa amegeuzwa tena: tumbo chini, uso umezama kwenye mto.

Alimlaza chali, akauondoa mto, akasikiliza pumzi.

"Maman, tafadhali. Ku radio wanasema kila siku: chali, peke yake, bila muto."

Mama mkwe wake, Domitille, alikuwa amesimama mlangoni. "Mutoto akitapika akiwa chali, anapaliwa. Mimi nilifundishwa muzuri kulaza mutoto."

"Hiyo ni mambo ya zamani, maman."

Domitille aliondoka mlangoni.

Nyumba hiyo ya mtaa wa Nyalukemba ilikuwa ya Domitille. Placide, mume wa Larissa, alikuwa kazini mbali, Walungu, na kwenye simu alisema tu, "Vumilia, ni mama yangu." Basi Larissa aliacha kwenda sokoni, akaacha misa, mwishowe akawa anakula humo humo chumbani, mkono mmoja juu ya kifua cha mtoto. Mchana mmoja usingizi ulimshinda. Alipozinduka, mtoto alikuwa kifudifudi.

Ndipo akamwita Pascaline, relais wa kituo cha afya, anayepita nyumba kwa nyumba akifundisha akina mama.

Pascaline aliketi sebuleni, akaeleza taratibu. Domitille alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mutoto hana homa, hana kikohozi. Kulala kifudifudi kunaweza kumuua?"

"Ndiyo, maman. Ni kwa ile sababu tunaomba wazazi waache hiyo desturi."

"Haikuwa desturi." Domitille alishika mkono wa kiti, akakaa. "Ni muuguzi, infirmière wa maternité kwenye nilizalia, alitufundisha kulaza kifudifudi, na picha ku ukuta. Mama mukwe wangu alikataa. Mimi namulaza mutoto wangu Benoît kifudifudi, yeye anamurudisha chali. Kila siku ni ugomvi. Nilimuona mujinga."

Larissa hakuwahi kulisikia jina la Benoît ndani ya nyumba ile. Alimkumbatia mtoto wake.

"Na ugomvi uliisha namna gani, maman?" Pascaline aliuliza.

"Mama mukwe alienda kwa kilio, ku matanga ya Luvungi," Domitille alisema. "Siku ile hakukuwa mutu wa kumugeuza Benoît chali."