Macho Mikokoni, Miguu Ufukweni

Mzee Kigando, kaa mcheshi aliyezunguka visiwa vingi, alipinduka chali akiwahutubia askari wake. "Nakagua mawingu," alisema huku wakimgeuza.

Kenge walikuwa wameuteka ufuo na walikuwa wakiwamaliza watoto wa kaa. Alfajiri jeshi la kaa likaibuka majini, macho yote yakielekea mikoko. Kenge wakakimbilia huko kuwazuia. Lakini kaa huenda upandeupande, wakatokea ufukweni. Kenge wachache waliobaki kulinda ufuo waliwala kaa wa mbele, ila wa nyuma hakugeuka hata mmoja, wakachimba mashimo. Kenge waliporudi, kila shimo lilikuwa na gando mlangoni, na vita vikaishia hapo.

"Mmetudanganya," jemadari wa kenge alilalama akiondoka. "Mlikuwa mnatazama mikoko."

"Bwana mkubwa, miaka yote umetula," Kigando akamjibu, "hujawahi kututazama tukitembea?"