Mpango Usiosahau Kitu

Sababu ya kuomba ruhusa: kuangalia treni.

Eustace aliusoma mstari huo mara tatu. Katika miaka kumi na tisa ya kusimamia upekuzi kwenye geti la mgodi, alikwisha kusoma misiba ya uongo, harusi za uongo, na shangazi mmoja aliyefariki mara mbili ndani ya mwaka. Treni ilikuwa jambo jipya.

"Kuangalia tu?" alimuuliza Pantaleo, fundi wa tanuri la kuyeyushia dhahabu. "Hupandi?"

"Sipandi, afande. Pale kilimani Isaka watu wanatoka mpaka Shinyanga mjini kuja kuitazama. Ikikata ile kona na mabehewa yake arobaini, inahema kama ng'ombe mwenye mimba."

"Mpango wa safari uko wapi?"

Ulikuwa mfukoni, umeandikwa kwa mwandiko safi. Kutoka getini saa kumi na mbili asubuhi. Chai na chapati Nyahanga. Kununua mchele Kagongwa. Kufika kilimani saa nne kasoro. Treni ya mizigo ya bandari kavu, saa nne na robo. Wakati wa kurudi, kulala Kahama kwa dada. Hata vitu vya kubeba viliorodheshwa: chupa ya chai, mwamvuli, kofia.

Eustace alipiga simu stesheni. Treni ilikuwepo, na saa ilikuwa hiyo hiyo. Jambo hilo likamzidishia shaka. Mtu mkweli husahau kitu. Mpango huu haukusahau kitu.

Alikuwa na sababu ya kushuku. Kwa miezi mitatu dhahabu ilikuwa ikipungua tanurini, kidogo kidogo, na mizani haina majungu. Nje haikuwa imefika, kwa maana kila aliyetoka alivuliwa hadi soksi. Basi ilikuwa bado imefichwa ndani ya uzio, ikisubiri njia. Meneja alikwisha kumwambia bila kupepesa macho: "Ikivuka geti, na wewe utavuka, wala hutarudi." Eustace alibakiza mwaka mmoja astaafu.

"Nitakwenda nawe," alisema. "Kwa gari langu."

Uso wa Pantaleo ukashuka. "Usijisumbue, afande. Basi lipo."

"Nimeshajisumbua."

Alipenda jinsi uso ule ulivyoshuka.

Jumamosi asubuhi Pantaleo alikuja na mfuko wake mgongoni hadi nyumbani kwa Eustace, mle mle ndani ya uzio wa mgodi. Gari lilikuwa limeegeshwa mteremkoni kama siku zote, jiwe nyuma ya tairi, maana breki ya mkono ilikufa zamani. Jiwe lenyewe lilipakwa rangi nyeupe na kuandikwa herufi E, kama ilivyoandikwa kwenye koleo lake, ndoo yake na kiti chake cha ofisini.

Pantaleo akacheka. "Hata jiwe, afande? Nani ataiba jiwe?"

"Kwenye mgodi huu? Litoe, tuondoke."

Eustace akaketi, akakanyaga breki. Nyuma yake akamsikia Pantaleo akiguna, kisha jiwe likatua kwenye buti kwa kishindo.

Getini alimshusha abiria wake. Viatu, soksi, mkanda. Chai ikamiminwa kwenye ndoo, mwamvuli ukafunguliwa na kukaguliwa ubavu mmoja mmoja, kofia ikachanwa bitana, mfuko ukakung'utwa.

"Jamani, hata chai? Nayo imetoka tanurini?" Pantaleo alilalamika.

Hapakuwa na kitu. Mageni, mlinzi wa zamu, akampigia mkuu wake saluti, na kizuizi kikainuka.

Njiani Eustace aliitazama mikono ya mwenzake zaidi kuliko barabara. Nyahanga alimfuata hadi mlango wa choo. Kagongwa alisimama kati yake na muuza mchele, akaupokea mchele yeye mwenyewe. Mpaka wanafika Isaka, Pantaleo hakuwa amepeana hata mkono na mtu.

Kilimani palijaa: magari, pikipiki, watoto mabegani mwa baba zao. Eustace akaegesha penye mteremko, akabaki amekanyaga breki mpaka aliposikia kutoka nyuma ya gari, "Tayari, afande."

Mama muuza mahindi ya kuchoma akawasogelea. "Mwangaluka, baba! Treni ni bure, mahindi siyo!"

"Mwangaluka, mama," Pantaleo akajibu. Hakununua. Eustace akalitia hilo akilini: hakununua, hakumgusa.

Saa nne na robo treni ikaja. Pantaleo akaipiga video kinywa wazi, akihesabu mabehewa kwa sauti. La mwisho lilipopotea, Eustace akampeleka nyuma ya kichaka, akampekua upya. Hakuna.

"Nilikudhania vibaya," alisema. Hakupenda kulisema, lakini ushahidi ulikuwa umesema kwanza.

"Ni kazi yako, afande. Mtu akiwa makini namna yako, wengine tunalala usingizi."

Eustace akashika usukani na kukanyaga breki. Buti likafungwa kwa nguvu, Pantaleo akaingia, wakaondoka. Kwenye kioo Eustace alimwona mama wa mahindi akiinama barabarani na kuinua kwa mikono miwili jiwe lisilozidi ukubwa wa mkate. Mama mwenye akili, aliwaza. Madereva wengi huacha mawe njiani.

Pantaleo akashuka Kahama kwa dada yake, kama mpango ulivyosema.

Jua lilikuwa bado juu Eustace alipofika nyumbani. Akapanda mteremko wake, akasimamisha gari, mguu kwenye breki, akamwita mkewe.

"Mama Juliana! Nitolee jiwe kwenye buti, uliweke nyuma ya tairi."

Zipora akatoka, akazunguka nyuma ya gari, kisha akaja dirishani akijifuta mikono kwenye khanga.

"Jiwe gani la kwenye buti, Baba Juliana? Jiwe lako si lile pale kwenye minyaa, na E yake? Liko pale tangu mlipoondoka."

Eustace akabaki amekanyaga breki.